Naomba ushauri: je, tuyaseme kanisani mema ambayo Bibi aliyafanya kwa siri?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Tunaandaa ibada ya shukrani ya kumkumbuka Bibi yetu, Mlutheri wa Machame, ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, nami nimepewa jukumu la kuandika wasifu wake.

Kuhusu uimbaji wake kwaya na uzee wa kanisa hakuna mvutano. Shida ni sadaka zake. Katika mnada wa mazao baada ya ibada alikuwa akinunua mkungu wa ndizi au kuku, kisha jioni humpelekea mjane au mgonjwa na kumsihi asimwambie mtu, kwa kuwa aliyashika kwa dhati mafundisho ya Mathayo 6 kuhusu mkono wa kushoto kutojua ufanyalo mkono wa kuume. Tumeyajua haya msibani, kutoka kwa waliosaidiwa wenyewe.

Baba mdogo anasema kuyasoma hadharani ni kuvunja agano lake. Shangazi anaona vijana wa usharika wanahitaji kuyasikia. Mimi naelekea kwa shangazi, mradi majina ya waliosaidiwa yasitajwe.

Wachungaji na wazee mliowahi kukutana na jambo hili, mliamuaje? Je, inafaa tuwaombe kwanza ridhaa wajane hao?