Napiga besi kanisani, jazi inanishinda

Besi wa Mwanjelwa:
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 23, napiga besi kwaya ya vijana hapa Mbeya, huu mwaka wa sita. Mapambio na sebene nayamudu. Tangu Januari nimejikita kwenye jazi: skeli (ngazi za noti) zote 12 nimekariri, kila usiku saa mbili na hedifoni masikioni. Jumamosi nikapata kupiga na mpiga kinanda mgeni. Akaanzisha blusi ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, ufunguo wa Do, polepole kabisa; vipimo 12 vikiisha, duru inaanza upya. Duru ya tatu sikujua tena tuko kipimo cha ngapi. Tukaanza upya, nikapotea tena. Nilirudi kwa miguu kutoka Mafiati, gitaa mgongoni, bajaji zinanipita. Niongeze skeli, au nitafute mwalimu Dar?

Mzee Gangilonga:
Marahaba kijana, kamwene. Skeli ziache kwanza.

Nimepiga besi tangu 1988 kwenye bendi za dansi. Bendi zetu nyingi ziliitwa Jazz, hata Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, lakini muziki wenyewe ulikuwa dansi. Na dansi linamlea mpiga besi kivyake: unaruka pigo la kwanza, unachokoza, unarudi. Besi ya kutembea, hiyo ya jazi, inadai mapigo manne kila kipimo, yote uzito mmoja, wenzako wote wamekuegemea. Vidole vyako vilijua skeli, wewe hukujua unakwenda wapi.

Chukua kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya Re maina inayoelekea So, kisha Do. Piga re, fa, la, halafu la iliyoshushwa nusu. Noti hiyo ya nne haimo kwenye skeli ya Do uliyokariri, ila iko nusu hatua tu juu ya so, inakudondosha mlangoni. Kisha so, ti, re, re iliyoshushwa nusu, umeingia do. Iimbe kwanza bila gitaa. Mimi niliiimba alfajiri nikipanda jiwe la Gangilonga kule Iringa, hatua moja noti moja, mpaka miguu ikaishika kabla ya vidole.

Metronomu ya simu iweke 40 kwa dakika, milio uihesabu kuwa pigo la pili na la nne. Hapo unapiga mwendo wa 80 na pigo la kwanza unalibeba mwenyewe. Ilinichukua wiki mbili kumaliza dakika moja bila kuyumba.

Halafu msikilize mpiga besi Paul Chambers kwenye "So What" ya Miles Davis, 1959. Alikuwa na miaka 23, umri wako. Besi inatangulia, wenzake wanaitikia, kama mwimbishaji na kwaya. Vipimo 32, skeli mbili tu: 16 kwenye Re, 8 nusu hatua juu, 8 Re tena. Hesabu kwa sauti hadi mwisho, gitaa liwe kwenye mfuko wake.

Kinanda Njombe:
Shikamoo Mzee. Kaka, mimi nipo upande wa kinanda. Nikiwa kwenye solo, besi ikikanyaga do pale duru inapoanza, natulia moyo. Noti nyingi sizihitaji. Ukipotea usinyamaze: shika do, sikiliza. Kipimo cha 5 blusi inahamia fa, utaisikia tu. Ingia hapo.

Besi wa Mwanjelwa:
Asanteni sana. Jana nimetembea hadi Soweto ya hapa Mbeya naimba re, fa, la. Usiku umeme ukakatika, amplifaya haina kazi, nikapiga besi kavu nimeliegemeza kwenye kabati ili mbao zivumishe, mdogo wangu akigonga meza pigo la pili na la nne. Duru tano sikupotea! Ya sita nimeanguka kipimo cha 9. Pale nashika nini?

Mzee Gangilonga:
Cha 9 ni Re maina, cha 10 ni So. Ile ile niliyokuandikia. Unayo tayari.