Naomba ushauri: mwani wa dhahabu na fuko, nitumie vigezo gani?

Wakuu, naandaa jedwali la kulinganisha Dinobryon, mwani wa dhahabu wa maji baridi, na fuko wa Ulaya, mnyama mchimba mahandaki. Kwenye lishe nimekwama kati ya safu mbili, mzalishaji na mlaji. Fuko ni mlaji tu, hasa wa minyoo ya ardhini. Dinobryon hutumia mwanga na papo hapo humeza bakteria. Nimweke safu ipi, au niongeze ya tatu?

Makazi je? Kikombe cha selulosi anamoishi Dinobryon hutengenezwa na seli yenyewe, handaki la fuko huchimbwa. Kuviita "nyumba" vyote naona kunapotosha.

Pia slaidi za Dinobryon za hadubini: iodini ya Lugol (dawa ya kuhifadhi na kutia rangi seli) hutuliza seli ila hudhurungisha kila kitu, rangi ya dhahabu ikapotea. Nipige picha kwanza zikiwa hai, au kuna njia nyingine ya kuzituliza?