Antena ya redio ya VHF kwenye Mkonga wenye keria: ifungwe wapi?

mwandiga78
Habari wakuu. Nina Land Cruiser Mkonga, keria ya chuma imefunika paa karibu lote. Nataka kufunga redio ya upepo ya VHF ya wati 25. Masafa yaliyo kwenye leseni yetu ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ni MHz 155. Gari linazunguka Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo, na mara nyingine linapita Uvinza na Urambo hadi Tabora. Dukani wananipa antena ya mita 1.2, wanasema niifunge juu ya keria. Niichukue? Na kama keria haifai, niifunge wapi?

FundiMawimbi
Mkuu, amua kwanza itakaa wapi, antena utachagua baadaye. Hiyo ya mita 1.2 ni ya tano ya nane ya wimbi, yaani urefu wake ni 5/8 ya urefu wa wimbi la redio, nayo inataka bati pana chini yake. Keria ni vyuma vyembamba vyenye nafasi katikati, tena mara nyingi imekalia raba na rangi, haigusani vizuri na bodi. Ukiifunga hapo, sehemu ya nguvu inarudi redioni na kebo yenyewe inaanza kurusha mawimbi.

Halafu antena hiyo inabana nguvu ielekee upeoni, pande zote. Tambarare ya Urambo itaifaa. Ila ukiwa bondeni huko Kasulu na ripita (mtambo unaopokea na kurusha tena mawimbi) iko kileleni, antena ya robo wimbi itakusaidia zaidi kwa sababu inarusha na juu pia. Matawi ya miombo nayo hayasamehe fimbo ndefu juu ya paa.

Urefu wa robo wimbi: gawanya 7125 kwa masafa, unapata sentimita. Kwa MHz 155 ni 46. Mahali pake bora ni katikati ya paa, tundu la milimita 19 kwa kitako cha NMO (aina ya kitako cha antena za gari), bati likiwa na sentimita 48 kila upande. Tatizo ni keria: ikiinuka sentimita 15 inazingira sehemu ya chini ya fimbo, na hapo ndipo mkondo ni mkubwa kuliko kwingine kote. Kama unaweza kuipunguza, ipunguze, utoboe paa.

Uyui_4x4
Naheshimu hoja ya paa, lakini keria ina kazi yake na mzigo lazima ubebwe. Kwa gari hili chukua nusu wimbi, kama sentimita 92 kwa MHz 155. Haitegemei bati chini yake, kwa hiyo inakaa fenda ya mbele bila shida.

Tengeneza mguu wa chuma cha pua cha milimita 3, uushike kwa bolti mbili za fenda, upande usio na mkonga (bomba la kuingiza hewa). Nati ziwe za kujifunga, na chini ya fimbo weka springi. Usifunge kwenye ukingo wa boneti kwa bati jembamba. Barabara ya rasta italikata penye kona. Robo wimbi pia ingefanya kazi pale, ila ingerusha zaidi kuelekea upande wenye bati jingi, yaani nyuma kwa mshazari.

mwandiga78
Asanteni sana. Keria inabaki, basi ni nusu wimbi kwenye fenda. Kebo na upimaji je?

FundiMawimbi
Kama keria haiguswi, nakubaliana na Uyui.

Kebo ni RG-58 ya omu 50. Kwa masafa haya mita 5 zinakula karibu desibeli 1, yaani kama asilimia 20 ya nguvu, kwa hiyo kata ziada badala ya kuizungusha chini ya kiti. Ipitishe kwenye raba ya ukuta wa injini, isibanwe na mlango wala isikunjwe kwa kona kali. Plagi ya PL-259, ya kuunganisha kebo na redio, ilehemu vizuri, kisha pima shoti kati ya waya wa ndani na wavu *kabla* ya kufunga antena. Nusu wimbi nyingi zina koili kwenye kitako inayoonyesha shoti hata zikiwa nzima, na hapo watu hutupa kebo nzuri.

Kukata fimbo ndiyo kazi ya subira. Toa gari nje ya karakana, mbali na miti na kuta, funga milango na boneti, weka redio nguvu ndogo, kisha soma mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudi redioni, ikiwa karibu na 1 ni bora) kwenye MHz 154, 155 na 156, kama leseni yenu inayafikia yote. La sivyo tumia kichambuzi cha antena. SWR ikiwa bora kwenye masafa ya chini, fimbo ni ndefu: kata milimita 3 tu, upime tena. Milimita 6 zinasogeza takriban MHz 1. Ikiwa bora kwenye masafa ya juu, fimbo ni fupi, na hapo unahitaji fimbo nyingine. SWR ikifika 1.5 acha, kinachorudi ni asilimia 4 tu. Ikigoma kwenye 3 kila mahali, usikate: tafuta plagi mbovu au kitako kilicholegea.

Uyui_4x4
Umeme uuchukue moja kwa moja kwenye betri, si kwenye tundu la kiberiti. Waya chanya uwe na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Wati 25 hula kama ampea 6. Waya hizo zikae mbali na altaneta, la sivyo utasikia mlio unaopanda na kushuka na injini. Baada ya safari ya kwanza ya Kibondo, kaza tena bolti za mguu na upime SWR upya.