Mjadala: Samaki anayevuliwa kwa raha kisha akarudishwa majini ana faida gani kwa Kigoma?

Mwisho wa Reli (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja: tuwakaribishe wageni waje kuvua kwa raha Ziwa Tanganyika. Nipingeni mtakavyo, ila kwa hesabu, si kwa matusi.

Kabla sijarudi nyumbani Ujiji nilikuwa baharia kwenye boti za mishipi kule Mafia, misimu mitatu. Wageni walikodi boti kutwa nzima, tukaburuta chambo tukitafuta jodari, nguru na kolekole, na siku ya bahati, sulisuli. Siku ya kwanza kumwona sulisuli amenasa, mgeni alipigana naye mpaka jasho likamwingia machoni. Samaki akaletwa ubavuni mwa boti, akapigwa picha, akachomekwa kibandiko chenye namba, akaachiwa. Nilidhani wamechanganyikiwa. Samaki mkubwa kiasi kile anarudishwa! Nahodha akacheka: "Dogo, huyo tumeshamuuza, na kesho tutamuuza tena." Bakshishi ya siku ile ilizidi posho yangu ya wiki.

Wenzetu wa Malindi na Watamu wanakula hela hii tangu enzi za mkoloni. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Costa Rica walifanya utafiti wakakuta wageni wa mishipi waliingiza takribani dola milioni 599 mwaka 2008, zaidi ya asilimia 2 ya pato la taifa. Marekani ndiyo usiseme: ripoti ya serikali yao ya mwaka 2016 iliupa uvuvi wa burudani baharini mauzo ya dola bilioni 68 na ajira 472,000.

Sisi tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu. Tuna sangala, tuna kuhe, samaki wakubwa wa ziwa hili. Wazambia wa Nsumbu, kusini mwa ziwa hili hili, wanapokea wageni wa ndoano. Rubondo kule Ziwa Victoria, ndani ya hifadhi, mgeni anavua sangara kwa kibali. Sisi tunangoja nini? Tutenge kipande cha maji, tuweke leseni, wageni waje.

Mama wa Kibirizi

Mwanangu, nimesoma yote. Swali langu ni dogo. Huyo samaki akirudishwa majini, mimi nakaanga nini?

Mwisho wa Reli

Shikamoo mama. Utakaanga wale wale unaokaanga leo. Mgeni havui dagaa wala havui migebuka kwa tani. Anavua samaki wanne, watano, anawaachia, jioni anakuja kwako kununua mgebuka wa mawese.

Mama wa Kibirizi

Marahaba. Wa hotelini hawafiki kwangu. Nipo mwalo huu miaka ishirini na mbili, nawaona wakipita na gari vioo vimefungwa.

Hesabu Tu

Mleta mada umeomba hesabu, basi tulia.

Kwanza hizo bilioni 68 za Marekani. Hayo ni mauzo yaliyojumlishwa katika mzunguko mzima, si faida. Fundi akiuza boti, muuza injini akamuuzia fundi, muuza chuma akamwuzia wa injini, yote yanaingia kwenye jumla. Ripoti hiyo hiyo iliupa uvuvi wa biashara na mnyororo wake dola bilioni 144 na ajira milioni 1.2, na humo mna samaki walioagizwa kutoka nje. Kwa hiyo hata kuziweka namba hizo mbili kwenye mizani moja ni kujidanganya.

Pili, na hapa ndipo penye mada yenyewe: Mmarekani anatumia hela kwenye nini anapovua? Sehemu kubwa haiendi kwenye safari ya siku ile. Inaenda kwenye vitu vya kudumu: boti, trela la kuivuta, fimbo, mashine ya kutafutia samaki, hata gari na nyumba ya ufukweni. Kwake ni sawa, maana boti imetengenezwa Florida, injini Wisconsin, na ajira zimebaki kwao. Hamisha mchezo huo uulete Kigoma. Boti ya faiba inatoka nje. Injini inatoka nje. Fimbo na mshipi mgeni anakuja navyo begini. Malipo ya safari anamlipa wakala aliyeko Ulaya kabla hajapanda ndege. Kinachoteremka hapa Kigoma ni mafuta ya boti (nayo yametoka Dar), chakula, vitanda, mshahara wa baharia na ile bakshishi yako. Siyo kitu kidogo, lakini siyo bilioni.

Tatu, mgeni anayekwenda Mahale kuona sokwe, akaamua kuvua asubuhi moja, huyo hukumleta wewe. Alikuwa anakuja tu. Ukitaka kujua thamani ya uvuvi wa burudani, hesabu siku alizoongeza kwa sababu ya samaki, basi. Hizo nyingine ni za sokwe.

Sisemi hoja ni mbovu. Nasema usituletee namba za Marekani kama vile zimetoka hapa kwetu Uvinza.

Mnyamwezi wa Igombe

Halafu hao Wamarekani wanavua maji ya chumvi. Nyie chumvi yenu iko Uvinza, haiko ziwani 😂 Sisi Tabora tuna bwawa la Igombe, tuleteeni hata mgeni mmoja na ndoano yake, tutampikia.

Kipe Namba Nane

Mimi ni mvuvi, sijui mambo ya Costa Rica. Nasema ninachokijua.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu kipe changu, chombo changu cha kuvulia, kilikaa juu ya mchanga, mbao zikapasuka kwa jua. Watu watano wanakitegemea, na kila mmoja ana nyumba. Tuliambiwa samaki wapumzike wazaliane, tukakubali, kwa sababu kweli dagaa wamepungua, hata mtoto anaona. Sasa nijibuni: ziwa likifungwa tena, mgeni mwenye fimbo atavua au hatavua? Mkisema atavua kwa sababu "anaachia", siku hiyo mjue hakuna mvuvi atakayeheshimu kufungwa kwa ziwa. Nitaona boti ya mzungu inapita mbele ya kipe changu kilicholala, nami nikae nikitazama?

La pili. Sisi tunavua usiku wa giza kwa taa, wao watavua mchana. Mtasema hatugongani. Tunagongana. Kuna wenzetu wanatega nyavu jioni na kuzitoa asubuhi. Boti yenye injini kubwa ikipita juu ya nyavu panga linazikata, na nahodha hasimami kuuliza ni za nani.

Mwisho wa Reli

Kaka hilo la ziwa kufungwa sikuwa nimelifikiria. Nakubali, likifungwa lifungwe kwa wote.

Mtaalamu wa Mapezi

Nimesomea samaki na nafanya kazi kando ya ziwa, kwa hiyo niongeze la upande huo, kwa sababu mjadala mzima umekaa kwenye dhana kwamba samaki akiachiwa ni mzima.

Sulisuli anavuliwa juu juu, anaachiwa juu juu. Sangala siyo hivyo. Anaishi chini, na ukimvuta haraka kutoka mita hamsini, sitini, lile pulizo la hewa tumboni linatanuka, macho yanatoka, wakati mwingine mfuko wa chakula unatokeza mdomoni. Ukimwachia anaelea tumbo juu mpaka mwewe wa ziwani aje. Zipo njia za kumshusha tena kwa uzito maalumu, lakini nahodha afundishwe, na mgeni akubali kupoteza dakika zake kumi.

Kuhe naye ana habari yake. Ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa ukoo wa ngege na sato, na ni mlezi kwelikweli: mume na mke wanalinda makinda yao maelfu, hawabanduki. Wakati huo ni mkali, anaparamia chochote kinachosogea, ndiyo maana wavua kwa raha wanampenda. Mtoe kwa dakika kumi za picha, uone samaki wadogo wanavyoyavamia makinda. Unamwachia mzazi mzima, anarudi nyumbani hakuna mtoto.

Na hawa sangala wakubwa mnaotaka kuwauza, kaskazini mwa ziwa walipungua tangu meli za nyavu za kuzungushia zilipoanza kazi upande wa Burundi miaka ya 1950. Msidanganywe na kina cha mita 1,470. Hewa ya kupumua samaki iko tabaka la juu tu, mita mia na kitu, huko chini ni maji yasiyo na uhai wa samaki. Ziwa ni refu kwenda chini, lakini ghala lake ni la juu.

Kwa hiyo kama mradi utakuwepo, usiwe jirani na mjini. Uwe kusini, kuelekea Mahale, ambako samaki bado wapo na wageni tayari wanafika. Na kuhe waachwe kabisa msimu wa kulea.

Mwisho wa Reli

Nimekaa siku mbili nikiwasoma, sasa najibu.

Hesabu Tu, umenibana kwenye zile bilioni, nimeelewa. Lakini nawe umeruka kitu. Umesema boti itatoka nje. Kwa nini? Mafundi wa mitumbwi wapo Katonga, wapo Ujiji. Boti ya kuvulia kuhe haihitaji kuwa ya faiba yenye vyumba viwili. Inahitaji mbao nzuri, kivuli, viti viwili na injini ya wastani. Mafia tulikuwa na boti moja ya mbao iliyochongwa hapo hapo kisiwani, na wageni waligombania kuipanda hiyo kuliko za faiba. Hela ya boti ikibaki Katonga, nusu ya hoja yako inaanguka. Nusu, sisemi yote.

Hilo la wakala wa Ulaya nakupa. Silipatii dawa, isipokuwa leseni na malipo ya siku vilipiwe hapa, mkononi, na kikundi cha ulinzi wa rasilimali cha wavuvi wa mwalo husika kipate fungu lake kila boti inapotoka. Mafia nilikuwa napata bakshishi, lakini kijiji ambacho boti iliegesha sikuwahi kuona kinapata kitu. Hilo lilinikera hata nilipokuwa nakula hela yake.

Kwa hiyo nabadilisha hoja yangu. Siyo "wageni waje" tena. Nasema: kipande kimoja tu kusini, boti chache za mbao za hapa hapa, nahodha awe mvuvi mwenye leseni, ziwa likifungwa wote tunalala, kuhe msimu wa kulea asiguswe. Tujaribu mwaka mmoja, tuhesabu siku walizoongeza wageni kwa sababu ya samaki, kama Hesabu Tu alivyotaka.

Hesabu Tu

Boti ya mbao nimekubali. Ila usiite mwaka mmoja jaribio kama hujaandika kabla ya kuanza ni namba ipi ikionekana mtaacha. Bila hiyo, kila matokeo yatakuwa "mazuri".

Mama wa Kibirizi

Mmejadili kuhe, mmejadili sangala, mmejadili mzungu. Hapo kwenye fungu la kikundi mmesema wavuvi. Waanikaji na wakaangaji hatumo kwenye fungu hilo? Sisi ndio tunaompikia huyo nahodha wako kabla hajatoka na baada ya kurudi.

Mwisho wa Reli

Mmo, mama. Nimeandika haraka.

Mama wa Kibirizi

Basi andika tena.

Kipe Namba Nane

Mimi la leseni ya nahodha kuwa mvuvi ndilo limenivuta, lakini nina maswali kuhusu bima na nani analipa boti ikizama. Mbalamwezi imeisha, leo tunaingia giza, naondoka sasa hivi. Nikirudi nitauliza.