Opampu ya matokeo mawili: napimaje muda wa kutulia?

Fundi_Shangani: Wakuu, niko Mtwara mjini. Opampu yangu (chipu ya kukuza ishara) ina matokeo mawili yanayopingana, moja likipanda lingine linashuka, geini 1 (inatoa ukubwa uleule ulioingia). Naipiga pigo la volti 2, nataka kujua inatulia lini ndani ya 0.1%. Osiloskopu (kifaa cha kuonyesha volti kwenye skrini) ni ya biti 8. Nikikuza picha nione mwisho, mstari unapinda kama mnazi wa ufukweni. Opampu au macho yangu?

Mzee_wa_Mikindani: Osiloskopu, mdogo wangu. Biti 8 ni ngazi 256, kila ngazi karibu 0.4% ya skrini. Hiyo 0.1% utaionea wapi? Ukikuza, ishara inavuka skrini, saketi ya ndani ya osiloskopu inalewa na kuchelewa kuzinduka. Chukua resista mbili sawasawa, moja toka ingizo chanya la saketi, moja toka tokeo hasi. Zinapokutana ishara na kinyume chake vinafutana, unaona nusu ya kosa tu. Hapo funga dayodi mbili za Schottky (zinazopitisha umeme kwa volti ndogo) kinyumenyume kwenda graundi, zizuie ishara isivuke skrini. Upande wa pili vilevile, kisha kwenye osiloskopu toa chaneli moja kutoka nyingine. Ugavi uwe wa chanya na hasi, volti ya kati ya matokeo mawili iwe sifuri.

Fundi_Shangani: Shikamoo mzee, nimefunga za kilo-ohm 1. Inasoma nanosekunde 45!

Mzee_wa_Mikindani: Marahaba. Resista zako mbili sambamba ni ohm 500; mara pF 12 za probu (waya wa kupimia wa osiloskopu) ni nanosekunde 6, kufika 0.1% ni karibu mara 7 ya hizo, yaani kama 42. Hapo umepima probu, si opampu. Shusha resista.