Io inazunguka kwa siku 15? Naomba msaada na chati yangu ya miezi ya Mshtarii

Mlinzi wa Zamu (Tanga):
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni mlinzi wa ghala. Usiku mmoja nipo kazini, unaofuata nipo nyumbani. Kaka yangu aliyeko Muscat aliniletea darubini ndogo ya milimita 70, na tangu tarehe 10 Januari 2026, sayari ya Mshtarii ilipokuwa mkabala na Jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao, nachora miezi yake minne mikubwa kila usiku ninaolala nyumbani, saa nne kamili.

Natumia daftari la hesabu. Kijisanduku kimoja ni upana wa Mshtarii. Katikati ya ukurasa nimepiga mistari miwili kutoka juu hadi chini, hiyo ndiyo sayari. Kila nikitazama nashuka chini kidogo, naweka nukta nne kwa kalamu za rangi, kisha naziunganisha na za usiku uliopita.

Callisto, ule mwezi wa mbali kati ya hiyo minne, haijanisumbua. Inakwenda hadi vijisanduku 13, inageuka, na kwa mwendo huo itarudi ilipoanzia baada ya siku 16 na ushee. Tatizo ni Io, ule wa karibu. Usiku wa kwanza sikuiona. Usiku wa pili wa kuchora ilikuwa mashariki, vijisanduku 2. Wa tatu, 3. Wa nne, karibu 2. Wa tano imeshavuka kidogo upande wa magharibi. Nikiunganisha napata wimbi zuri kabisa la siku kama 15, wakati kila ninaposoma naambiwa Io inamaliza mzunguko kwa siku 1 na saa 18 na nusu. Nimefuta na kuchora upya mpaka karatasi imetoboka. Nimekosea wapi?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hukukosea kuchora hata nukta moja. Zamu yako ndiyo iliyokuchezea.

Hebu piga hesabu. Mzunguko mzima ni nyuzi 360. Kwa siku moja Io inakwenda nyuzi 203 na nusu. Wewe unatazama kila baada ya siku mbili, kwa hiyo kati ya nukta na nukta imekwenda nyuzi 407. Toa 360 za mzunguko uliopita ukiwa ghalani, zinabaki 47. Hizo 47 ndizo unazoziona. Callisto nayo, kwa siku zilezile mbili, inakwenda nyuzi 43. Ndiyo maana mwezi wa karibu kabisa na ule wa mbali wamekuwa kama mapacha kwenye daftari lako!

Ni kama mtoto anayekimbia kuzunguka nyumba, nawe unafumbua macho kila akishapita mara moja na kidogo. Utaapa kwamba anatembea polepole.

Dawa yake ni kutazama mara kadhaa usiku uleule. Io ikiwa mbali na sayari, kwenye vijisanduku vyake 3, itaonekana kama imesimama, maana hapo inatujia au inatukimbia. Ikikaribia sayari inakata mbele yetu, na kwa saa moja tu inasogea karibu nusu ya upana wa Mshtarii. Hapo utaiona ikitembea.

Binti Pwani:
Nyongeza ndogo, kaka. Hakikisha unajua mashariki ni wapi kwenye darubini yako, kile kioo cha pembeni kinageuza kulia kuwa kushoto. Iache darubini bila kuigusa, sayari itaelea yenyewe. Upande ambako sayari inatoka nje ya duara unaloliona ndio magharibi. Mimi nilijaza kurasa sita kinyume kabla sijafundishwa hili.

Mlinzi wa Zamu (Tanga):
Mwalimu, dada, nimerudi. Nilibadilishana zamu na mwenzangu nikapata siku mbili mfululizo.

Siku ya kwanza, saa tatu, Io ilikuwa mashariki, kijisanduku kimoja na kidogo kutoka katikati. Nikaketi kwenye kigoda, tochi nimeifunga kitambaa chekundu. Nafasi ile nyeusi kati yake na sayari ikazidi kuwa nyembamba, na ilipofika saa tano kasoro dakika 20 ikagusa ukingo, ikawa kama chunusi, ikamezwa. Saa saba hivi ikatokea upande wa pili. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Siku ya pili, saa tatu, haipo kabisa. Karibu saa tano ikawaka taratibu upande wa mashariki, lakini si ukingoni. Iliwakia pembeni, robo ya kijisanduku hivi, mahali palipokuwa peusi tupu. Hiyo ni nini?

Mwalimu Mstaafu:
Ilikuwa nyuma ya Mshtarii, na ilipopita ukingo bado ilikuwa kivulini. Tumeshapita siku ya mkabala, kwa hiyo kivuli cha sayari kinaegemea mashariki. Uliiona ikitoka gizani kwenda juani.

Ole Rømer, mwanaastronomia wa Denmark, alipima matukio kama hayo akiwa Paris, akaona kadiri Dunia inavyojitenga na Mshtarii ndivyo yanavyochelewa. Mwaka 1676 akatangaza kwamba mwanga unachukua muda kusafiri. Sasa andika dakika na sekunde ya kila kutoka kivulini, endelea hadi Aprili. Ila kwanza saa yako uioanishe na ya redio.