Windows 11 imeikataa kompyuta yangu, nihamie Linux ipi?

Mgeni_Mjini: Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta mpakato ya i3 kizazi cha 6, RAM GB 4, diski ya kawaida, si SSD (ile ya kasi). Windows 11 haiitaki, na muda wa kuhudumiwa wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025. Kazi zangu ni barua, hesabu za Excel, kuprinti na kuperuzi. Lile dirisha jeusi la kuandika amri sijawahi kuligusa na sina hamu nalo. Nimesoma habari za Linux za aina ya Ubuntu, Mint na Zorin mpaka kichwa kinauma, kila mtu anavutia kwake. Naombeni ushauri.

Kapera77: Mint, toleo la Xfce (lile jepesi). Ubuntu ya kawaida ni nzuri, ila kwa GB 4 utaisikia ikihema. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo ukikwama, majibu mengi ya Ubuntu yanakufaa na wewe. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, hutapotea. Mfululizo wa 22 unahudumiwa hadi 2029.

MamaSwafi: Mimi ningesema Zorin, sura yake inampokea vizuri mtu aliyetoka Windows. Ila kwa mashine hiyo, sawa, Kapera kashinda.

Nyundo: Mnabishania rangi ya nyumba. Kinachoiua mashine hiyo ni diski. Weka SSD uone. Na RAM italiwa na kivinjari hata uweke mfumo gani.

Mkuu, hesabu zako zina makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili)? LibreOffice, programu ya ofisi utakayotumia huko Linux, inafungua faili za Excel, lakini makro mara nyingi zinagoma. Programu moja tu usiyoweza kuiacha inatosha kukurudisha Windows, kwa hiyo anzia hapo kabla ya kuchagua jina.

Halafu usiweke chochote bado. Pakua ISO ya Mint (faili lenye mfumo mzima), iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus (vilivyomo vyote vitafutika), zima kompyuta, iwashe huku ukigongagonga F12. Kwa kompyuta nyingine ni F9 au Esc. Chagua flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Itajivuta kidogo, hiyo ni flashi, usiilaumu. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa, kisha funga kifuniko ufungue uone kama inaamka.

Mgeni_Mjini: Mrejesho, wakuu. Sauti ipo, inaamka vizuri, printa imejitokeza yenyewe (sikuamini). Wi-Fi ndiyo haipo kabisa. Kadi ni Broadcom.

Kapera77: Broadcom, hao ndio zao. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwenye simu, fungua Driver Manager, chagua kiendeshi (programu inayoiwezesha kadi kufanya kazi) cha Broadcom. Ukishaiweka Mint kwenye diski utarudia hatua hiyohiyo. Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka) ikiwa imewashwa inaweza kukizuia kiendeshi hicho, ikibidi izime.

Nyundo: Ngoja! Kabla ya kugusa Secure Boot, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski. Kama imefungwa, hifadhi ule ufunguo wa kurejesha nje ya kompyuta. Bila huo, Windows inaweza kukufungia mlango na mafaili yako ndani.

Mgeni_Mjini: BitLocker haipo. Wi-Fi imekamata, asanteni sana! Sasa niifute Windows au ziishi pamoja?

MamaSwafi: Pamoja kwanza. Nakili mafaili yako nje, zima Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), kisha punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa Disk Management. Nafasi itakayobaki wazi, GB 100 hivi, mpe Mint.

Nyundo: Na makro je? Hujanijibu.

Mgeni_Mjini: Faili moja inazo, na imegoma kwenye LibreOffice. Basi Windows itabaki kwa ajili ya hiyo tu, na intaneti haipati.